Viti 16, watu 7: kisa cha matawi ya Odd Fellows nchini Marekani

Mara moja kwa mwaka, kwenye ukumbi wa ghorofa ya juu katika mji mdogo wa Marekani, tawi la Odd Fellows, chama cha udugu na kusaidiana, hufikia ajenda ambayo kila mmoja angependa ipite haraka: kupendekeza viongozi wa mwaka ujao. Mwenyekiti anauliza nani apendekezwe kushika kiti chake. Kimya. Waliohudhuria ni 7, na 5 kati yao wamekwisha kukikalia kiti hicho, wengine mara tatu au nne. Mwishowe mzee mmoja anasema, "Basi niandikeni mimi tena." Katibu, ambaye hakuna anayekumbuka alianza lini, anaandika. Viti vilivyobaki vinagawanywa papo hapo: huyu awe mlinzi wa mlango na kasisi, yule mweka hazina na mwongozaji wa wageni. Fomu inayopelekwa Baraza Kuu, chombo kinachosimamia matawi ya jimbo zima, inajaa majina. Kwenye karatasi, tawi ni zima.

Picha hii ni ya aina ya tawi, si ya mji mmoja. Ninaichambua kwa Kiswahili kwa sababu aliyewahi kuwa katika kikundi cha kufa na kuzikana, umoja wa wanakijiji waishio mjini, au jumuiya ya Watanzania au Wakenya ughaibuni, anakijua kimya hicho. Na anayajua pia maelezo yanayofuata: vijana wa siku hizi hawataki kujitolea. Nimesoma na kusikiliza mengi juu ya vyama vya aina hii, na kila nikitazama jinsi kiti kimoja kimoja kilivyofika hapo kilipo, naona kijana anasingiziwa. Viti hivyo viliishiwa kazi kwanza, ndipo vikaishiwa watu. Anayetaka kuvijaza bila kurudisha kazi anamwomba mtu akae tu.

Viti vilipokuwa na kazi

Thomas Wildey alikuwa mhunzi wa springi za magari ya farasi, Mwingereza aliyepoteza wazazi akiwa mdogo na kuhamia Marekani. Tarehe 26 Aprili 1819, baada ya kutoa tangazo gazetini kuwatafuta wenzake waliokuwa wanachama huko Uingereza, yeye na watu wengine wanne walikutana katika baa ya Seven Stars mjini Baltimore wakaunda tawi la kwanza la kile kilichokuja kuitwa Independent Order of Odd Fellows. Maagizo makuu ya udugu huo ni manne: kutembelea wagonjwa, kusaidia wenye dhiki, kuzika wafu, kusomesha yatima. Mtu wa Tanga au Kisumu akiyasikia hahitaji kuelezwa zaidi. Ni chama cha kuzikana, kilichovikwa mikufu ya heshima na maneno ya siri.

Mwanachama alilipa ada yake, na akiugua akashindwa kwenda kazini, tawi lilimpa fedha kila wiki mpaka apone. Akifa, lilichangia maziko na ndugu zake wa chama wakalisindikiza jeneza. Marekani ya karne ya 19 haikuwa na bima ya afya ya serikali wala mafao ya ugonjwa kazini. Fundi aliyevunjika mguu alikuwa na akiba yake, jamaa zake, na tawi lake. Kufikia mwaka 1896, almanaki moja mashuhuri ya Marekani iliwataja Odd Fellows kuwa udugu mkubwa kuliko wote nchini humo.

Tawi kamili lina viti 16, bila kuhesabu wadhamini wa mali. Watano huchaguliwa: mwenyekiti, makamu wake, katibu wa kumbukumbu, katibu wa fedha na mweka hazina. Kumi na mmoja huteuliwa: msimamizi, mwongozaji, kasisi, mlinzi wa ndani na mlinzi wa nje, wasaidizi wawili wanaokaa kulia na kushoto kwa mwenyekiti, wawili kwa makamu, na wawili wanaoandaa mandhari ya sherehe ya kumpokea mwanachama mpya.

Mtu wa leo akiisoma orodha hiyo ataona mbwembwe. Zamani haikuwa hivyo. Mlinzi wa mlango alidai neno la siri, na neno hilo lilibadilishwa kila kipindi na kupewa waliokwisha kulipa ada zao. Kwa hiyo kulijua neno kulikuwa ni risiti. Mgeni aliyetoka mji wa mbali akadai msaada alipimwa pale pale mlangoni kama ni mwenzao kweli au tapeli aliyesikia habari za fedha. Katibu wa fedha hakuwa mtu wa kuandika tu. Ndugu aliyerudi nyuma kwa ada aliweza kukosa fedha za ugonjwa, na ni daftari la katibu lililoamua watoto wake wale nini mwezi ule. Mwenyekiti na makamu walikuwa na wajibu wa kumtembelea mgonjwa, kumfariji, na pia kuhakikisha kwamba anaumwa kweli. Kiti kilikuwa kizito kwa sababu kilibeba maisha ya mtu.

Nalikazia hili kwa sababu wachambuzi wengi huanzia kwenye kupungua kwa wanachama, kana kwamba watu waliondoka bila sababu na viti vikabaki vinawasubiri. Kazi ndiyo iliyotangulia kuondoka.

Kazi inaondoka, viti vinabaki

Hadithi inayosimuliwa zaidi ni kwamba Rais Franklin Roosevelt, ambaye naye alikuwa Odd Fellow, alisaini sheria ya hifadhi ya jamii mwaka 1935 na serikali ikachukua nafasi ya chama. Ina ukweli, lakini imechelewa. Watafiti George Emery na J. C. Herbert Emery, waliochimba hesabu za matawi ya Marekani na Kanada kuanzia 1860 hadi 1929, walionyesha kwamba fedha za ugonjwa zilikuwa zimeanza kufifia kabla ya serikali kuingia. Aliyezihitaji hasa alikuwa kijana mwenye familia changa asiye na akiba. Mishahara ilipopanda na familia kupungua ukubwa, kijana huyo aliweza kujiwekea akiba mwenyewe. Wazee waliobaki ndani ya tawi walikuwa na uwezo wao, na wengi walibaki kwa ajili ya urafiki. Kisha ukaja mdororo mkuu wa miaka ya 1930, ada ikawa mzigo, na matawi yakaanza kufungwa. Kufikia mwaka 1979 udugu wote ulikuwa na wanachama 243,000.

Kuna jambo jingine ambalo halipaswi kufunikwa. Chama hiki kinacholalamika kukosa watu kiliwafungia watu mlango kwa zaidi ya karne moja. Kifungu cha katiba kilichoruhusu wazungu pekee kiliondolewa mwaka 1971. Wamarekani weusi walikuwa wameshajitafutia njia: Peter Ogden, baharia mweusi, alipata hati ya kuanzisha tawi moja kwa moja kutoka Uingereza, na mwaka 1843 ukaanza udugu wao wenyewe, Grand United Order of Odd Fellows. Wanawake walipewa ngazi yao ya pembeni, ya Rebekah, mwaka 1851, na hawakuruhusiwa kuwa wanachama kamili wa tawi hadi 2001. Kwa hiyo unaposikia mwenyekiti wa tawi akisema "hatuna wa kumrithisha," jua kwamba kwa miaka mingi warithi walikuwepo, tena mtaa uleule. Binti wa katibu aliyemsaidia babake kuandika daftari angekuwa katibu bora. Hakuruhusiwa.

Viti vyenyewe vilibaki 16. Kila kimoja kina maneno yake katika sherehe ya kumpokea mgeni, na zamani yalisemwa kwa moyo bila kitabu. Sherehe hiyo ni igizo, lenye mavazi, taa na fumbo, na igizo linahitaji waigizaji. Hapo ndipo maana ya uongozi ilipogeuka kimyakimya: kutoka mtu wa kutenda, hadi mtu wa kukariri, hadi mtu wa kusoma kwenye kitabu, hadi jina kwenye fomu.

Ngazi inayopanda upande mmoja

Katika tawi lenye watu 150 ngazi hii ya viti ilikuwa chombo kizuri sana. Mgeni alipewa kiti kidogo mlangoni. Akaona mikutano inavyoendeshwa, akajifunza kutoa hoja, kuandika muhtasari, kusoma mapato na matumizi mbele ya watu. Mwaka uliofuata akasogezwa. Ilimchukua miaka kufika kwenye kiti cha makamu, na bila kupita kwa makamu hakuwa mwenyekiti. Akimaliza mwaka wake wa uenyekiti akapata hadhi ya mwenyekiti mstaafu, na ni hadhi hiyo iliyomfungulia njia ya kuliwakilisha tawi kwenye Baraza Kuu la jimbo. Mtaalamu wa siasa Theda Skocpol wa Harvard ameandika kwa mapana jinsi vyama vya namna hii vilivyowafundisha mafundi na wakulima ujuzi wa kuongoza, wakikaa chumba kimoja na mawakili na wafanyabiashara. Nakubaliana naye kabisa. Ukitaka kujua mtu alijifunzia wapi kuendesha kikao bila kupiga kelele, mara nyingi ni kwenye chama kama hiki.

Tatizo ni kwamba ngazi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya foleni, na foleni imekwisha. Watu wakiwa 7, ngazi haimsubiri mtu apande, inamvuta. Fuatana na mwanachama mpya, tuseme mwalimu wa miaka 34 aliyevutiwa na jengo la kale na wazo la udugu. Anapokewa kwa furaha ya kweli, maana ni mgeni wa kwanza baada ya muda mrefu. Baada ya miezi michache anaambiwa awe makamu. Anakubali, kwa sababu kukataa ni kuwavunja moyo wazee waliompenda. Mwaka unaofuata ni mwenyekiti. Hajawahi kuona mkutano wenye watu 20. Hajui ni lipi katika kitabu ni sheria na lipi ni mazoea ya tawi. Anapendekeza watoe chakula kwa familia za mtaa, anajibiwa kwamba walijaribu mwaka fulani haikufaa. Mikutano yenyewe ni kusoma muhtasari uliopita, kupitisha bili ya umeme, kufunga. Mwaka wake ukiisha anapewa mkufu wa mwenyekiti mstaafu na kupigiwa makofi, halafu haonekani tena.

Wazee wanasema, "Unaona? Vijana hawadumu." Lakini huyu kijana alitoa mwaka mzima wa jioni zake. Alichokosa ni kitu cha kufanya ndani ya hizo jioni. Katika kisa chote hiki, hapa ndipo pananiuma zaidi, kwa sababu mtu aliyekuja kwa moyo wake ametumika kuziba pengo, na tawi limempoteza yeye na wote ambao angewaleta.

Tiba mbili nyingine hujaribiwa. Ya kwanza ni kuzungusha: wenyeviti wastaafu watano wanapokezana kiti mpaka wanabaki watatu. Inanunua muda, na kwa tawi lililo na mpango wa kuutumia muda huo si vibaya. Ya pili ni kuunganisha matawi mawili. Kwenye hesabu inavutia, 7 na 8 ni 15, karibu viti vyote vina mtu. Ila 15 hao ni wa rika moja, wengine sasa wanaendesha gari umbali mrefu usiku, na ukumbi mmoja uliopendwa umeuzwa. Muungano usioambatana na kazi mpya unarudisha kimya kilekile baada ya miaka michache, katika chumba kilicho mbali zaidi.

Jengo nalo lina sehemu yake. Odd Fellows wengi walijenga katikati ya mji, duka chini na ukumbi juu, na kodi ya duka ikalipia kila kitu. Ni busara ya wazee waliotangulia, na ndiyo iliyoyaokoa matawi mengi. Hata hivyo, tawi lenye kodi ya duka halihitaji ada ya mwanachama mpya ili kulipa bili; linaweza kukaa miaka likiwa na wazee wachache na akaunti iliyonona. Zaidi ya hayo, tawi likifungwa na kurudisha hati yake ya kuanzishwa, mali kwa kawaida huenda Baraza Kuu la jimbo. Kanuni hiyo ni ya haki, maana bila hiyo watu watano wa mwisho wangeuza jengo wakagawana. Pia inawafanya watu wachukie kufunga, wakaendelea kujaza majina kwenye fomu ili jengo la babu zao lisiondoke mikononi mwa mji. Na ngazi za kwenda ghorofani, ambazo wajenzi wa mwaka 1890 hawakuziona kuwa shida, sasa zinaamua nani ahudhurie mkutano.

Kiti kinachoua tawi

Ukiuliza ni kiti kipi kikikosa mtu tawi linakufa, wengi watasema cha mwenyekiti. Ningesema cha katibu. Mwenyekiti akikosekana, makamu au mstaafu yeyote anaendesha kikao. Katibu ndiye anayejua ada ya kila kichwa inayopelekwa Baraza Kuu ni kiasi gani na lini, akaunti ya benki ina sahihi za nani, bima ya jengo inaisha mwezi gani, ufunguo wa kasha uko wapi. Katika tawi linalopungua mtu huyu hukaa miaka 20 au zaidi, na kila mwaka wenzake wanashukuru kwamba bado yupo. Shukrani hiyo ni hatari. Kamba hukatikia pabovu, na hapa penye uzi mmoja tu.

Mfano wa wazi ni wa kodi. Nchini Marekani matawi ya udugu husamehewa kodi ya mapato chini ya vifungu 501(c)(8) au 501(c)(10) vya sheria ya kodi. Sheria ya mwaka 2006 iliamuru kwamba hata shirika dogo lazima litoe taarifa kila mwaka, na lisipofanya hivyo miaka mitatu mfululizo linapoteza msamaha moja kwa moja. Kwa shirika ambalo mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000, taarifa hiyo ni fomu fupi ya mtandaoni iitwayo 990-N: jina, anwani, namba ya mlipakodi, jina la kiongozi mmoja, na uthibitisho wa mapato. Ni kazi ya dakika chache. Mwezi Juni 2011 mamlaka ya mapato ilipochapisha orodha ya kwanza ya waliopoteza msamaha, yalikuwamo mashirika yapatayo 275,000 ya kila aina. Mengi yalikuwa yameshakufa. Mengine yalikuwa hai, ila aliyekuwa anapokea barua alikuwa amehama, ameugua, au amefariki, na hakuna mwingine aliyejua kuwa barua hizo zipo.

Hili linawahusu moja kwa moja Waswahili walioko huko. Jumuiya za Watanzania, Wakenya na Wakongo zilizosajiliwa Marekani kama mashirika yasiyo ya faida, nyingi zikiwa chini ya 501(c)(3), ziko chini ya kanuni ileile ya miaka mitatu. Kila uchaguzi unaogombanisha watu juu ya urais wa jumuiya, huku ukatibu ukiachiwa yeyote asiyekataa, unaiweka jumuiya karibu na shimo hilo. Nyumbani nako, kikundi cha kuzikana ambacho daftari la michango liko kwa mtu mmoja, na sahihi za benki zimebaki za waasisi ambao wengine wamekufa, kimejifunga vivyo hivyo, hata kama wanachama ni 60 na mikutano inajaa.

Davis

Kuna tawi moja lililofanya kinyume, na linastahili kutazamwa kwa makini: namba 169, mji wa Davis, California. Lilianzishwa mwaka 1870. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuwa na wanachama makumi machache. Ndani ya miaka kumi na kitu lilifika mamia, likawa miongoni mwa matawi makubwa ya Odd Fellows. Anayetajwa zaidi katika mabadiliko hayo ni Dave Rosenberg, jaji na meya wa zamani wa Davis, ambaye baadaye alikuwa kiongozi mkuu wa udugu huo jimboni California na akaandika mara nyingi kuwahimiza wenzake wa matawi mengine.

Hawakufuta viti wala sherehe. Mwenyekiti bado ni mwenyekiti, mikufu bado ipo, mgeni bado anapokewa kwa igizo. Walichokifanya ni kuweka kamati nyingi chini ya ngazi, kila moja ikiwa na kazi inayoonekana: muziki wa jukwaani kwa ajili ya mji, bingo ya kuchangia shughuli za jamii, na nyinginezo. Kamati zilizaliwa kutokana na hamu ya wanachama. Mtu aliyependa jambo aliruhusiwa kulianzisha na kulisimamia. Mgeni aliyekuja kusikiliza muziki aliwaona watu wakifanya kazi pamoja kwa furaha, akaomba naye abebe viti, na baada ya muda akaomba kujiunga.

Angalia hilo linafanya nini kwenye suala la uongozi. Mkuu wa kamati ya muziki tayari anaongoza: anapanga ratiba, anashika fedha ndogo, anapatanisha wanaogombana. Hajakalia kiti chochote kati ya vile 16. Siku ya kupendekeza viongozi ikifika, tawi halitafuti mtu wa kubembeleza. Lina watu ambao uwezo wao umeshaonekana na ambao wenyewe wameshaonja kazi. Foleni imerudi, safari hii kupitia mlango wa kazi. Ninaamini hii ndiyo siri yake, kuliko haiba ya mtu mmoja au matangazo mazuri.

Sipuuzi bahati ya mahali. Davis ni mji wa chuo kikuu, wenye watu wapatao 70,000, wastaafu wasomi na wageni wanaotafuta marafiki. Kiongozi aliyekuwa meya anajulikana na kila mtu na anajua kuendesha kikao. Tawi la mji wa mashambani ambao shule yake imefungwa na vijana wamehama halitaiga Davis kwa kuanzisha kamati. Kwa tawi hilo lazima swali lingine liulizwe kwa uaminifu: je, kuna kazi katika mji huu ambayo hakuna mwingine anayeifanya? Ikiwa ipo, hata watu 7 wanatosha. Wildey alianza na 5, na ni 5 hao hao wanaotosha kwa akidi ya kikao. Ikiwa haipo, kufunga kwa heshima, huku nyaraka zikiwa salama na fedha zikienda kwa yatima na wagonjwa kama maagizo yanavyosema, ni bora kuliko miaka kumi ya majina kwenye fomu.

Ningewashauri nini wale saba

Kwanza wapunguze viti wanavyovihangaikia. Vile vitano vya kuchaguliwa vijazwe na watu watano tofauti. Vingine 11 ni vya sherehe, na sherehe haifanyiki kila wiki. Ikija siku ya kumpokea mgeni, waalike ndugu wa matawi jirani waje kushika nafasi. Si aibu. Igizo litakuwa bora, na mgeni ataona udugu ni mpana kuliko chumba kile.

Mwanachama mpya asipewe kiti mwaka wa kwanza. Apewe kazi yenye mwanzo na mwisho, anayoweza kuimaliza na watu wakaiona: chakula cha jioni kimoja kwa wazee wa mtaa, ukarabati wa chumba kimoja, ufadhili wa mwanafunzi mmoja. Afanye pamoja na mzee, si chini yake. Wazee nao wajifunze kukaa kimya anapopendekeza jambo ambalo liliwahi kushindikana, kwa sababu lilishindikana kwa watu wengine, wakati mwingine.

Mkutano ubadilishwe mpangilio. Muhtasari usambazwe mapema, bili zipitishwe kwa pamoja, na saa ya kwanza, watu wakiwa bado na nguvu, iwe ya kuzungumzia nani anaumwa na nani ana shida. Hilo ndilo lililowaleta kwenye chumba hicho tangu 1819, na katika miji mingi ya Marekani upweke wa wazee sasa ni ugonjwa unaohitaji mtembeleaji kuliko fedha. Makamu akirudishiwa wajibu wa kutembelea, kiti chake kitakuwa na maana hata kabla hajakariri sentensi moja.

Na kabla ya yote hayo, mwezi huu huu, katibu apewe mwenzake. Asipewe "msaidizi" wa jina tu. Awe mtu atakayeketi naye mezani mwaka mzima: ajaze fomu ya kodi kwa mkono wake katibu akitazama, apeleke ada ya Baraza Kuu, aende benki kuongeza sahihi, aandike ukurasa mmoja wenye tarehe zote na namba zote. Mwaka wa pili wabadilishane, mwenzake awe katibu na mzee akae pembeni kujibu maswali. Wazee wengi watapinga wakidhani wanaondolewa. Mwenyekiti aende nyumbani kwa katibu huyo, anywe naye kahawa, amwambie kwamba tawi linataka kurithi anachokijua akiwa hai na mwenye afya, na amwachie yeye amchague mrithi.